Kosa Dogo na Haki ya Aliyedhulumiwa

Ndugu msomaji, katika somo hili twapenda tulitazame swali moja linaloulizwa mara nyingi na wale wanaoanza kuichunguza dini, na hata na wale waliokwisha kuingia: Je, kosa dogo laweza kuachwa tu? Mtu aliyeiba kuku mmoja, au aliyempiga jirani yake kofi, au aliyekata nyavu za mwenzake usiku ziwani, je, kuna haja gani ya kuwasumbua polisi, waendesha mashtaka na mahakimu kwa ajili yake?

Wako wasemao: “Fedha za Serikali ni chache. Afadhali zitumike kwa wauaji na wanyang'anyi, na haya madogo yaachwe.” Maneno haya yakisikiwa mara ya kwanza huonekana ni ya busara. Tena wengine huongeza kusema kwamba dini yenyewe yafundisha kusamehe, basi kuliacha kosa dogo ni sawa na kulisamehe. Hapa ndipo penye kosa kubwa la fikira, na ndilo tutakalolieleza. Kusamehe ni jambo moja. Kutelekeza ni jambo jingine. Mambo haya mawili hufanana kwa sura ya nje tu, kama mtu aliyelala anavyofanana na aliyezimia.

MFANO WA GUNIA LA DAGAA

Kwanza tuchukue mfano. Tuseme yupo mama mmoja auzaye dagaa katika mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma. Usiku mmoja kijana akamwibia gunia moja la dagaa wakavu. Kwa mtu mwenye duka kubwa gunia hilo si kitu. Lakini kwa mama huyu gunia hilo ndilo mtaji wote. Alilinunua kwa fedha za kukopa. Na faida yake ndiyo unga wa jioni na madaftari ya watoto.

Sasa tuseme kwamba polisi hawana mafuta ya gari, mwendesha mashtaka ana majalada mengi kuliko nguvu zake, na mama anaambiwa: “Kosa hili ni dogo, njoo wiki ijayo.” Wiki ijayo aambiwa vilevile. Kila aendapo hulipa nauli, na kila siku aendayo hafanyi biashara. Shahidi wake naye ni mchuuzi, hawezi kuja mara tatu bure. Mwishowe mama huyu akata tamaa, anyamaza.

Je, twaweza kusema kwamba mama amesamehe? La hasha! Hakuulizwa kama anasamehe. Je, twaweza kusema kwamba Serikali imeokoa fedha? Nayo pia si kweli. Gharama ya haki haikufutwa, imehamishwa tu. Ilikuwa juu ya mabega ya watu wote, kila mtu akichangia kidogo kwa njia ya kodi, sasa imewekwa juu ya bega la mtu mmoja aliyekwisha kuibiwa. Kwa hiyo yeye ameonewa mara mbili: mara ya kwanza na mwizi, na mara ya pili na wale waliopewa amana ya kumtetea.

Basi shika neno hili la kwanza, ndugu msomaji: haki isiyolipiwa na wote, hulipwa na yule aliyedhulumiwa.

MAMBO YALIYOTOKEA MAREKANI

Usidhani kwamba shida hii ni ya nchi maskini peke yake. Katika mwaka 2011, katika mji wa Topeka, ulio makao makuu ya jimbo la Kansas huko Marekani, baraza la kaunti ya Shawnee lilipunguza fedha za ofisi ya mwendesha mashtaka kwa kiasi cha asilimia 10. Mwendesha mashtaka, Bwana Chad Taylor, akatangaza mwezi wa Septemba kwamba ofisi yake haitaweza tena kushughulikia makosa madogo yanayotendeka ndani ya mji, na miongoni mwa makosa hayo ni kupigana nyumbani, yaani mume kumpiga mke na mfano wake. Alisema mji wenyewe uyashughulikie. Mji nao ukasema hauna fedha.

Ndipo lilipotokea jambo la ajabu. Tarehe 11 Oktoba 2011, madiwani wa Topeka walipiga kura, 7 dhidi ya 3, kuifuta sheria ya mji wao iliyokataza kupigana nyumbani! Hawakukusudia kuhalalisha kipigo, kwa sababu sheria ya jimbo iliendelea kukikataza. Walikusudia kumlazimisha mwendesha mashtaka abebe mzigo huo kwa sheria ya jimbo. Naye siku iliyofuata alikubali kuendelea na kesi hizo. Lakini kwa wiki kadhaa, watu waliokamatwa kwa kuwapiga jamaa zao waliachiliwa bila ya kushtakiwa, ilhali ofisi mbili za watu wenye elimu zikirushiana mpira.

Jiulize: ni nani aliyelipa akiba ile ya asilimia 10? Hakulipa diwani wala mwendesha mashtaka. Aliyelipa ni mke aliyeusikia mlango ukifunguliwa usiku, na aliyempiga juzi akiingia tena. Tena tazama jinsi neno “dogo” linavyodanganya. Kipigo kimoja kiliandikwa katika vitabu kuwa kosa dogo. Lakini katika nyumba ile hakikuwa kidogo.

MAMBO YALIYOTOKEA MARA

Turudi sasa kwetu, katika mkoa wa Mara, tuone kinachofuata pale ambapo mnyonge amechoka kungoja.

Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo wa 1980 ilikuwa migumu sana kwa Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 na 1979 ilikuwapo vita ya kumwondoa Idi Amin. Bei ya mafuta ilipanda, na fedha za kigeni zikaadimika. Bunduki nazo, baada ya vita ile, zilisambaa mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Kituo cha polisi kisicho na gari, au chenye gari lisilo na petroli, kingewezaje kuufuata wayo wa ng'ombe walioibiwa usiku, ambao asubuhi wamekwisha kuvuka mto?

Kwa mtu wa Bunda, wa Butiama, wa Serengeti au wa Tarime, ng'ombe si nyama tu. Ng'ombe ni mahari ya kijana, ni akiba ya mzee, ni ada ya shule, ni dawa ya mgonjwa. Aliyeibiwa ng'ombe wawili huenda ameibiwa maisha yake.

Wakati huo, baina ya mwaka 1981 na 1982, wanakijiji wa Kahama na Nzega walikuwa wameanza kujiunga katika vikosi vya ulinzi vilivyoitwa sungusungu. Jambo hilo likaenea upesi katika nchi ya Wasukuma, na halafu likaingia Mara. Kwa Wakurya lilikutana na desturi ya zamani ya ritongo, yaani baraza la watu wote la kuamua mambo ya jamii. Yowe likipigwa, kila mwanamume hutoka na upinde wake. Na asiyetoka hutozwa faini. Viongozi wakubwa waliwaunga mkono walinzi hao, akiwamo Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na hivyo sungusungu wakatambuliwa kisheria.

Yatupasa tuseme kweli kwa pande zote mbili. Upande mmoja, wizi wa mifugo ulipungua katika vijiji vingi, na watu walilala usingizi. Hilo lilikuwa jema, nalo lilipatikana kwa watu kushirikiana na kujitolea. Upande wa pili, mahali pengi walinzi wale walijifanya polisi, mwendesha mashtaka, hakimu na mtekelezaji wa hukumu, wote katika kundi moja na katika usiku mmoja. Watu walipigwa ili wakiri. Wengine walifukuzwa kijijini kwa fitina, wengine waliuawa. Na katika baadhi ya sehemu za nchi bibi vikongwe waliteswa kwa kudhaniwa wachawi. Mtu aliyekuwa na uadui na jirani yake alipata njia rahisi ya kumwangamiza.

Na ugonjwa huu haukuisha. Hata katika miaka yetu hii, ripoti za haki za binadamu nchini zimehesabu mamia ya watu wanaouawa katika mwaka mmoja na makundi ya watu wenye hasira, aghalabu kwa tuhuma za wizi. Fikiri: wizi ambao mahakamani ungehukumiwa faini au kifungo cha miezi michache, mtaani huhukumiwa mawe na moto. Kosa dogo lililotupwa na wenye mamlaka haliendi kupotea. Huokotwa na watu, nao hulipa adhabu isiyo na kipimo.

Basi shika neno la pili: mahali haki ndogo inapokosekana, kisasi kikubwa huja kukaa.

SHERIA YETU YASEMA NINI?

Huenda msomaji akauliza: “Je, maana yake kila kosa lazima lifikishwe mahakamani, na kila mkosaji afungwe?” Hapana. Kama kila mwenye kosa dogo angefungwa, magereza yasingetosha, na kijana aliyeiba kuku angetoka humo amejifunza kuiba ng'ombe.

Sheria ya Tanzania yenyewe imeweka njia nyingi. Katiba, katika ibara ya 59B, yamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka afanye kazi yake kwa uhuru, akizingatia mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yampa uwezo wa kuondoa shtaka kabla ya hukumu. Sheria hiyohiyo yairuhusu mahakama kuwapatanisha watu katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya watu binafsi yasiyo makubwa, mkosaji akilipa fidia au akitimiza masharti mengine yanayokubaliwa na mahakama. Mabaraza ya Kata, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, yalipewa kazi ya kusuluhisha na kutafuta amani. Na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 yawezesha mkosaji afanye kazi ya manufaa kwa watu badala ya kukaa gerezani.

Kwa muda mrefu kesi nyingi ziliendeshwa na polisi walewale waliozipeleleza. Sheria ya mwaka 2008 iliweka msingi wa kuzitenga kazi hizo mbili, na mwaka 2018 ikaundwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka yenye kujitegemea. Mwezi wa Julai 2019, Rais John Magufuli alilitembelea gereza la Butimba, Mwanza, akawasikiliza mahabusu waliolalamika kwamba wamekaa muda mrefu bila ya kesi zao kwisha. Naam, hii nayo ni sura nyingine ya shida ileile: fedha zikipungua, mmoja huachwa nje bila ya kutetewa, na mwingine huachwa ndani bila ya kuhukumiwa. Wote wawili ni wanyonge.

Sasa tazama njia zote hizo za upatanisho, fidia na huduma kwa jamii. Katika kila moja yake yupo mtu aliyekaa akasikiliza. Aliyekosewa amesikiwa, mkosaji amejulikana, na kosa limeitwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo huruma ya kweli. Lakini jalada linalofunikwa na vumbi mezani halimsikilizi mtu yeyote.

MAFUNDISHO YA DINI JUU YA JAMBO HILI

Kurani Tukufu, katika Sura Ash-Shura, yafundisha kanuni iliyo timilifu. Yakubali kwamba malipo ya ubaya ni kiasi cha ubaya wenyewe, si zaidi. Kisha yamsifu mwenye kusamehe akakusudia kusuluhisha, na yamwahidi ujira kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Angalia vema masharti yaliyomo. Kwanza, msamaha ni haki ya aliyetendewa ubaya. Hakuna awezaye kusamehe mali ya mtu mwingine. Pili, msamaha huambatana na kutengeneza. Kama kumsamehe mkosaji kutamtengeneza, basi asamehewe. Kama kutamtia kiburi aendelee kuwaumiza watu, basi hiyo si huruma bali ni kuwadhulumu watakaofuata.

Wala Uislamu hauruhusu haki igawanywe kwa ukubwa wa mtu. Alipokamatwa kwa wizi mwanamke wa ukoo mkubwa wa Makhzum, jamaa zake walimtuma Usama bin Zaid r.a., kipenzi cha Mtume s.a.w., amwombee. Mtume Mtukufu s.a.w. alighadhibika, akawafunza watu kwamba mataifa ya kale yaliangamia kwa sababu hii: mtukufu wao akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu. Akaeleza kwamba hata binti yake mwenyewe Fatima asingebaguliwa. Fundisho hili latuhusu sana. Serikali inapokuwa na fedha za kuishughulikia mali ya tajiri tu, na wizi wa gunia la dagaa ukaitwa kitu kidogo, ubaguzi uleule umerudi kwa mlango mwingine, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Na sasa tazama mfano mzuri kupita yote. Katika mwaka wa njaa kuu, kama mwaka wa 18 wa Hijra, Seyidna Umar r.a. alisimamisha adhabu ya wizi, kwa sababu mwenye njaa hahesabiwi sawa na mwenye kushiba. Kadhalika imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba watumwa wa Hatib walimwiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzaina, wakamchinja. Seyidna Umar alipotambua kwamba bwana wao huwashindisha na njaa, hakuwakata mikono. Lakini je, aliifunga kesi hapo? Hasha. Alimwuliza mwenye ngamia bei yake, akaambiwa dirhamu 400. Naye akamwamuru bwana wa watumwa amlipe dirhamu 800.

Hapo kila mtu alipata haki yake. Wenye njaa walihurumiwa. Aliyewatia njaa aliwajibishwa. Na aliyeibiwa hakuambiwa aende nyumbani akanyamaze, bali alirudishiwa mali yake maradufu. Hivi ndivyo adhabu inavyoweza kuachwa bila ya kuiacha haki. Basi shika neno la tatu: adhabu yaweza kupunguzwa, lakini aliyedhulumiwa hapunguzwi.

YATUPASA TUFANYE NINI?

Wewe uliyeko Musoma, Bunda, Butiama au kwingineko, huenda ukasema: “Mimi si waziri wala hakimu, bajeti ya nchi haimo mikononi mwangu.” Ni kweli. Lakini yapo yaliyomo mikononi mwako.

La kwanza, usinyoshe mkono kumpiga mtuhumiwa, wala usisimame kutazama apigwapo. Ukisikia yowe, toka. Lakini toka ili kumkamata na kumfikisha panapostahili, si kumuua. Ukiwa mtu wa kwanza kusema “Tumpeleke kituoni,” huenda ukaiokoa roho moja na kuwaokoa vijana ishirini wasiwe wauaji.

La pili, kuwa shahidi. Kesi ndogo nyingi hufa kwa sababu aliyeona hakutaka kupoteza siku yake. Kurani Tukufu yatuamuru kusimama na haki kama mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Ushahidi wako ni mchango wako katika bajeti ya haki.

La tatu, kama umekosewa wewe na ukataka kusamehe, samehe kwa ulimi ulio wazi, mbele ya mashahidi, na kwa namna itakayomtengeneza aliyekukosea. Na kama aliyekosewa ni mwingine, usimlazimishe asamehe kwa kumwambia kwamba jambo lake ni dogo. Mwache yeye apime. Maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

La nne, lipa kodi kwa uaminifu, na ukiwa na wadhifa, linda fedha za umma. Mtu achotaye mafuta ya gari la Serikali ajue kwamba usiku utakuja ambapo yowe litapigwa na gari halitatoka.

Ndugu msomaji, mbele ya Mwenyezi Mungu tendo lenye uzito wa chembe halipotei, liwe jema au baya. Sisi wanadamu hatuwezi kufikia kipimo hicho, wala hazina zetu hazitoshi. Lakini tusiufanye upungufu wetu kuwa sheria, wala tusiupake rangi ya huruma. Tukishindwa kumpatia mnyonge haki yake, tukiri kwamba tuna deni kwake, na deni hulipwa.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwa wenye kusimama na haki. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani baina ya kusamehe kosa na kulitelekeza?

2. Serikali inapoacha kushughulikia kosa dogo kwa kukosa fedha, gharama yake humwangukia nani? Toa mfano wa mahali pako.

3. Sungusungu walileta faida gani, na walileta madhara gani?

4. Katika hukumu ya Seyidna Umar r.a. juu ya ngamia, ni watu gani watatu waliopata haki zao, na kwa njia gani?

5. Mara ya mwisho uliposikia yowe la mwizi, ulifanya nini?